Benedicto Kiwanuka: Miaka Kumi ya Kuutafuta Uwakili



Katika kitabu chetu cha harambee huwa tunatenga kurasa chache kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja ambaye safari yake ina funzo kwa watoto wetu. Mwaka huu mfuko wa elimu unaelekezwa kwa vijana wanaoomba nafasi ya kusomea sheria, pamoja na wale waliokwisha kupata shahada na sasa wanaomba kuingia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Kwa sababu hiyo tumemchagua mwanasheria.

Hakuzaliwa Bukoba, lakini kwao si mbali na kwetu. Mtu akiondoka hapa asubuhi, akapita Kyaka na kuvuka mpaka Mutukula, mchana yuko Masaka. Huko ndiko alikozaliwa marehemu Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, na raia wa kwanza wa nchi hiyo kushika kiti cha Jaji Mkuu.

Wazee wetu wanamkumbuka zaidi kwa namna alivyouawa mwaka 1972, na habari hiyo tutaifikia. Ila tumeona tuanze na jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni kazi aliyoifanya ili tu apokewe mahali pa kusomea sheria. Tunaamini kila mzazi ambaye mtoto wake amewahi kukaa nyumbani mwaka mzima akisubiri udahili ataielewa habari hii.

KIJANA WA VILLA MARIA

Kiwanuka alizaliwa mwezi Mei 1922 katika eneo la misheni ya Villa Maria, nje kidogo ya mji wa Masaka. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1892 na wamisionari ambao kwetu tumezoea kuwaita White Fathers, mwaka uleule walioanzisha Kashozi. Undugu wa misheni hizo ni wa zamani. Mpendwa wetu Kardinali Laurean Rugambwa alisomea upadri katika seminari ya Katigondo, ambayo ni jirani na Villa Maria. Hivyo ulimwengu aliokulia Kiwanuka, wa migomba, kahawa, kengele ya kanisa na shule ya mapadri, babu zetu waliujua vizuri.

Alisoma katika shule za misheni. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, mwaka 1942, alijiunga na jeshi la Waingereza kama walivyofanya vijana wengi wa Afrika Mashariki. Alihudumu Kenya, Misri na Palestina, akapanda cheo hadi kuwa sajini meja. Aliporudi mwaka 1946 alikuwa na umri wa miaka 24, ameona nchi za watu, ameamuru na kuamriwa. Hakuwa na shahada wala njia iliyo wazi ya kuipata.

Kazi aliyoipata ilikuwa Mahakama Kuu ya Uganda, akiwa karani na mkalimani. Tukumbuke mahakama za wakati ule zilivyokuwa. Majaji walikuwa Wazungu, na mawakili walikuwa Wazungu na Wahindi. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, wakati mshitakiwa na mashahidi wake mara nyingi hawakuijua lugha hiyo. Katikati yao alisimama mkalimani. Kila neno la mshitakiwa lilipita kinywani mwake kabla halijamfikia jaji, na kila neno la jaji lilipita kwake kabla mtu hajajua kama anakwenda nyumbani au gerezani. Kiwanuka alifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka minne. Aliyekaa mahali hapo miaka minne akiwa na akili yake timamu alikuwa amesikia hoja za sheria nyingi kuliko mwanafunzi wa darasani, ila hakuruhusiwa kutoa hata moja iliyo yake.

MLANGO ULIKUWA LONDON

Leo kijana akitaka kusomea sheria ana vyuo kadhaa vya kuchagua hapa nchini. Mwaka 1950 hapakuwa na chuo hata kimoja Afrika Mashariki yote kilichofundisha shahada ya sheria. Makerere ilikuwapo, ikitoa walimu, waganga na maofisa wa kilimo, lakini kitivo chake cha sheria kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960. Cha Dar es Salaam kilikuwa bado miaka kumi na moja. Aliyetaka kuwa wakili ilimbidi aende ng'ambo, na kwa wengi maana yake ilikuwa London.

Na London ilikuwa na masharti mawili. La kwanza lilikuwa la chuo kikuu: mwombaji awe na cheti kinachomruhusu kuingia chuo kikuu. La pili lilikuwa la uwakili wenyewe: mwanafunzi asajiliwe katika kimojawapo cha vyama vinne vya kale vya mawakili wa Kiingereza, atimize mihula yake, ikiwa ni pamoja na kuhudhuria chakula cha jioni ukumbini mara kadhaa kila muhula, na afaulu mitihani ya chama hicho. Ndipo aitwe rasmi kuwa wakili.

Sharti la kwanza ndilo lililomsimamisha Kiwanuka. Uzoefu wa jeshi haukuhesabika, wala miaka yake minne mahakamani. Chuo kilitaka cheti. Wengi waliofika hapo walirudi nyuma, na hatuwalaumu. Mtu wa miaka 28, mwenye familia na ajira ya serikali iliyoheshimika, angekuwa na kila sababu ya kubaki alipo.

Yeye alienda Basutoland, nchi ambayo leo inaitwa Lesotho. Tuitazame safari hiyo kwenye ramani. Ni nchi ndogo ya milima, imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, ambako serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imeingia madarakani miaka miwili tu kabla. Mahali panapoitwa Roma, maaskofu Wakatoliki wa kusini mwa Afrika walikuwa wamefungua chuo mwaka 1945, Pius XII, kwa ajili ya vijana wa Kiafrika waliotaka elimu ya juu. Chuo hicho ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho cha leo. Kiwanuka alikaa huko kuanzia 1950 hadi 1952, akisoma ili awe na sifa za kuingia chuo kikuu. Sajini meja mstaafu alikaa tena darasani na vijana waliotoka shule juzi.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Miaka hiyo miwili haikumpa uwakili. Haikumpa hata shahada ya sheria. Ilimpa haki ya kuomba tu. Katika maisha ya watu mashuhuri, vipindi kama hivi hupitwa kwa mstari mmoja, na mara nyingi ndivyo vilivyoamua kila kilichofuata.

Mwaka 1952 alipokelewa University College London, akapata shahada ya sheria. Chama chake cha mawakili kilikuwa Gray's Inn, na mwaka 1956 akaitwa rasmi kuwa wakili.

Kwa kuwa baadhi yetu tunaoandaa kitabu hiki kazi yetu ni uhasibu, tuliifanyia hesabu safari hiyo. Mahakamani miaka minne, Lesotho miwili, London minne. Tangu avue sare za jeshi hadi avae joho la wakili ilimchukua miaka kumi. Alikuwa na miaka 33.

WAKILI, WAZIRI MKUU, MFUNGWA

Alirudi Kampala mwaka huohuo wa 1956 akafungua kazi ya uwakili. Mwaka 1958 alichaguliwa rais wa Democratic Party, chama ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki waliolalamika kwamba wamewekwa kando katika uongozi wa Buganda. Kiwanuka alitaka kiwe chama cha Uganda nzima.

Katika uchaguzi wa Machi 1961 chama chake kilishinda. Ushindi ule ulikuwa na kasoro ambayo wapinzani wake hawakuacha kuitaja: serikali ya Kabaka kule Mengo ilikuwa imeususia uchaguzi, na ndani ya Buganda waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache mno. Hata hivyo Julai 1961 akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wake wa kwanza.

Hakukaa. Uchaguzi wa Aprili 1962 uliwaunganisha Uganda People's Congress ya Milton Obote na Kabaka Yekka ya Mengo, na muungano huo ukamshinda. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, aliyekuwa Waziri Mkuu ni Obote. Kiwanuka alikuwa nje ya serikali na nje ya Bunge. Alirudi kwenye uwakili na kuongoza upinzani. Mwaka 1969 alitiwa kizuizini bila kuhukumiwa.

Katika kipindi hicho, ule mlango uliomchukua miaka kumi ulikuwa umefunguliwa hapa nyumbani. Oktoba 1961, wakati Kiwanuka ni Waziri Kiongozi wa Uganda, chuo kikuu kishiriki kilianza Dar es Salaam katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14, wa kutoka nchi za Afrika Mashariki. Tangu hapo kijana wa Bukoba hakuhitaji tena kuvuka bahari ili aitwe mwanasheria.

KITI CHA JAJI MKUU

Januari 1971 jeshi la Uganda likiongozwa na Idi Amin lilimpindua Obote. Wafungwa wa kisiasa waliachiwa, Kiwanuka akiwa mmoja wao, na Juni 1971 Amin akamteua Jaji Mkuu. Swali la kwa nini alikubali kuteuliwa na mtawala wa kijeshi linaulizwa mpaka leo. Wengi wakati ule walidhani Amin atarudisha utawala wa raia. Tunachoweza kukisema kwa uhakika ni namna alivyokitumia kiti hicho alipokuwa amekikalia.

Mwanzoni mwa Septemba 1972 lilifika mbele ya Mahakama Kuu ombi la Mwingereza mmoja mfanyabiashara aliyekuwa ameshikiliwa na askari jeshi. Ombi lilikuwa la aina ambayo kila mwanafunzi wa sheria hufundishwa mapema: anayemshikilia mtu amlete mbele ya mahakama na aeleze ni sheria gani inayomruhusu kumshikilia. Kama hakuna, mtu huyo aachiwe. Wakati ule askari walikuwa wakikamata watu ovyo, na wengi hawakuonekana tena. Kiwanuka aliamuru mtu huyo aachiwe, na akaweka wazi kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kukamata raia kwa namna ile. Hakuwa na kikosi cha kumlinda. Kilichokuwa mezani kwake ni sheria aliyoisomea.

Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walifika Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa ofisini kwake mchana kweupe na kumpeleka kusikojulikana. Aliuawa. Familia yake haikupewa mwili wa kuzika. Alikuwa na umri wa miaka 50, na kiti cha Jaji Mkuu alikuwa amekikalia kwa miezi kumi na mitano hivi.

Jengo lile alilotolewa lilikuwa la mahakama ileile ambayo miaka ishirini na sita kabla ilimwajiri kuwa mkalimani.

WIKI ILEILE, HAPA BUKOBA

Wazee wetu hawahitaji kukumbushwa Septemba 1972. Siku chache kabla Kiwanuka hajachukuliwa, wafuasi wa Obote walikuwa wamevuka Mutukula kutoka upande wetu wakijaribu kumwondoa Amin kwa silaha. Walishindwa. Amin alijibu kwa kutuma ndege, na mabomu yakaanguka Bukoba na baadaye Mwanza. Wakati Kampala inampoteza Jaji Mkuu wake, watu wa mji wetu walikuwa wakitazama angani kwa hofu.

Miaka sita baadaye, mwishoni mwa 1978, jeshi la Amin liliingia Kagera, likafika mtoni na kulivunja daraja la Kyaka. Kilichotupata kipindi hicho kila ukoo unakijua. Masaka ilikombolewa Februari 1979 na Kampala mwezi Aprili. Tukitazama nyuma tunaona kwamba mauaji ya Septemba 1972 yalikuwa habari yetu pia. Nchi jirani ilipokosa mahakama ya kumwambia mtawala kwamba hapa mwisho, hakuna aliyebaki wa kumzuia asivuke mto.

Nchini Uganda kumbukumbu yake imepewa nafasi. Tangu mwaka 2018 mahakama za huko huandaa mhadhara wa kila mwaka kwa jina lake, tarehe ileile aliyochukuliwa.

KWA NINI TUNAWASIMULIA HAYA KWENYE HARAMBEE

Ndugu zetu, sisi hatuna vita leo, tunashukuru. Ila sheria tunaihitaji kila siku. Migogoro ya mashamba ya ukoo, wajane wanaoondolewa kwenye vibanja, mirathi isiyofunguliwa miaka na miaka, haya ni mambo ya nyumbani. Mwaka 1990 ilikuwa ni kesi iliyotoka Muleba, ya mwanamke aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, iliyoifanya Mahakama Kuu kule Mwanza itamke kwamba mila iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza inapingana na usawa ulioandikwa kwenye Katiba. Hukumu hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria mpaka nje ya nchi. Ilianzia mahakama ya mwanzo ya kwetu.

Watoto wenye uwezo wa kufanya kazi hiyo tunao. Wengi hawakwami kwenye akili. Wanakwama pale alipokwama Kiwanuka mwaka 1950, kwenye sifa na taratibu za kuomba. Yupo aliyepungukiwa alama moja kidato cha sita, anayehitaji kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yupo ambaye jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la cheti cha shule, anayehitaji hati ya kiapo na nauli ya kufuatilia. Yupo asiye na ada ya maombi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, hata kwa anayebahatika, huja baada ya udahili. Gharama hizi huja kabla, na ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayezifikiria, ila zinatosha kumbakiza mtoto nyumbani.

Kisha kuna kundi la pili. Tangu mwaka 2008, mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hupitia kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoko Dar es Salaam. Hapo napo kuna maombi, ada, pango na chakula katika mji wa gharama. Tunao vijana wenye shahada kabatini waliosimama hapo.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu utagawanywa mafungu matatu. La kwanza ni gharama za kabla ya udahili: mitihani ya kurudia, vyeti, viapo, ada za maombi na nauli. La pili ni kuwasaidia waliokwisha kupokelewa mafunzo ya vitendo. La tatu, ambalo halihitaji fedha, ni muda wa wanasheria wetu wenyewe. Tunawaomba wale mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na hapa Bukoba mjiandikishe ili kila mwombaji awe na mtu mmoja wa kumpigia simu na kumuuliza fomu hii inajazwaje.

Hatutachagua kwa umri. Mwenye miaka 28 aliyefanya kazi ya ukarani mahakamani ataomba sawa na aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana. Hatutachagua kwa dini wala kwa ukoo, na wasichana tunawahimiza wajitokeze.

Kila mchango, mdogo au mkubwa, utaandikiwa stakabadhi. Mapato na matumizi ya mfuko yatasomwa kwenye mkutano mkuu, fungu kwa fungu, na kila mwanachama ana haki ya kuomba kuona vitabu. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki. Tunaomba ijazwe na kurudishwa kwa mweka hazina kabla ya siku ya harambee, ili tujue mapema ni waombaji wangapi tunaoweza kuwabeba mwaka huu.